Kiini cha atomu hakizeeki

Kila muhula, kwenye kipindi cha kwanza cha fizikia ya nyuklia, mimi huwaandikia wanafunzi ubaoni swali moja: radoni-222, gesi yenye mionzi, ina nusumaisha ya siku 3.8 (muda ambao nusu ya viini vyake huvunjika), baada ya siku 7.6 imebaki kiasi gani? Wengi hujibu kwa sauti moja: imekwisha. Nusu na nusu si nzima? Siwasahihishi. Nagawa dadu.

Dadu 120 zinatupwa mezani kwa pamoja. Kila iliyoonyesha sita inaondolewa, hiyo imevunjika. Zilizobaki zinatupwa tena. Baada ya mitupo minne zinasalia 58 hivi, na baada ya minne mingine, 28 hivi: si sifuri, ni karibu robo, na radoni vivyo hivyo. Ukipiga hesabu, nusumaisha ya dadu ni mitupo 3.8. Ndiyo maana nikaichagua radoni: ukihesabu mtupo mmoja kuwa siku moja, dadu za kawaida zinaiigiza vizuri ajabu. Imesadifu tu, lakini hainiishi hamu.

Hesabu yenyewe haina taabu. Kinachowasumbua ni kile dadu zinachosema. Dadu iliyonusurika mitupo ishirini haijachoka wala "zamu yake" haijakaribia. Mtupo wa ishirini na moja, uwezekano wa kutoa sita ni ule ule, moja kwa sita. Kiini nacho ni hivyo hivyo. Kiini cha radoni chenye umri wa mwezi mzima na kilichozaliwa dakika hii vina uwezekano sawa wa kuvunjika kesho. Mzee wa miaka tisini na kijana wa ishirini hawako hivyo hata kidogo. Kwa hiyo hilo neno "maisha" ndani ya nusumaisha linapotosha, na sijapata lililo bora.

Bahati hiyo inatoka wapi? Mwaka 1928 mwanafizikia George Gamow, na kando yake wenzake Gurney na Condon, walieleza kwamba chembe ya alfa, kipande ambacho kiini hukitoa kinapovunjika, haina nishati ya kuruka ukuta unaokizingira kiini; inaupenya, mara moja moja, kwa sheria za kwanta, yaani za vitu vidogo kama atomu. Nishati ikipungua, ukuta wa kupenya hunenepa, na ukinenepa kidogo tu, kupenya kunakuwa kwa nadra mno. Alfa ya poloni-212 hutoka na MeV 8.8 (MeV ni kipimo cha nishati), ya urani-238 na MeV 4.2 hivi. Nishati imezidi mara mbili tu, lakini nusumaisha ya poloni hiyo haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, na ya urani ni miaka bilioni 4.5. Nikifika hapa darasa hunyamaza.

Kisha mtihani huja kuwanasa: kipi kinavunjika kwa kasi zaidi, gramu ya urani-238 au gramu ya iodini-131? Wanaoogopa miaka mingi huchagua urani. Ni kinyume. Kinachodumu sana hutoa kidogo kidogo: gramu ya urani-238 ina bekereli 12,400 hivi, yaani mivunjiko 12,400 kila sekunde. Iodini-131, yenye nusumaisha ya siku 8, ina zaidi ya bekereli bilioni milioni nne kwa gramu hiyo hiyo.

Ila bekereli inahesabu mivunjiko tu. Haisemi mwili umepata nini. Potasi-40 iliyomo mwilini mwa mtu mzima huvunjika zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, naye amekaa ananisikiliza. Sieverti, kipimo cha athari ya mionzi mwilini, tunaiweka wiki ya tano.