Kwa nini sakafu katika mchoro wa Caillebotte ina mistari?

Wanaume watatu wamepiga magoti, vifua wazi, wanakwangua sakafu ya mbao katika chumba cha nyumba ya kitajiri jijini Paris. Huo ni mchoro wa rangi za mafuta wa Gustave Caillebotte, Les raboteurs de parquet (yaani Wakwangua sakafu), wa mwaka 1875, wenye kimo cha sentimita 102 na upana wa karibu 147. Kinachoshangaza ni sakafu yenyewe. Mbona mafundi hawamalizi kona moja ndipo wahamie nyingine? Wameacha mistari: mmoja mweusi unaong'aa, mwingine mkavu uliopauka.

Seremala hatauliza. Mbao za sakafu zikivuta unyevu na kukauka, hubenuka, kingo zikawa juu kuliko katikati. Basi kazi huanzia pale mbao mbili zinapokutana: randa hupitishwa kwenye maungio mpaka matuta yaishe, huku katikati ya ubao kukibaki na vanishi yake. Baada ya hapo huja kikwangulio, bamba la chuma linaloshikwa kwa mikono miwili na kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukienda kinyume cha nyuzi, mbao huchanika vijisehemu, na hapo msasa hausaidii sana.

Tazama maranda yaliyotapakaa sakafuni: yamejikunja mviringo. Hiyo ni dalili ya chuma kikali. Kikwangulio butu hutoa vumbi tu, na fundi huchoka bure.

Mwanga nao umewekwa kwa hesabu. Dirisha liko nyuma ya mafundi, kwa hiyo jua linakuja upande wa mtazamaji likiteleza juu ya mbao. Penye vanishi linaakisiwa, penye mbao tupu linafyonzwa. Mafundi wa sakafu hupenda mwanga wa namna hiyo hata leo, maana kila bonde na kila mkwaruzo huonekana. Ukiona sakafu kama inainuka kuja kwako, ni kwa sababu mchoraji ametazama kutoka juu, kimo cha mtu aliyesimama mbele ya watu waliopiga magoti.

Caillebotte hakuchora kwa papara. Alichora kila sehemu peke yake kwenye karatasi, kisha akaihamishia kwenye turubai kwa njia ya miraba, kama alivyofundishwa na wasomi wa sanaa wa wakati wake.

Pamoja na ustadi wote huo, majaji wa Salon ya 1875, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliukataa mchoro huu. Wakulima wa shambani walikwishazoeleka, mchoraji Millet aliwachora tangu miaka ya 1850. Vibarua wa mjini, na jasho lao ndani ya nyumba ya bwana, walionekana ni jambo la kishenzi. Mwaka uliofuata Caillebotte akauonyesha katika maonyesho ya pili ya Waimpresionisti, kundi la wachoraji wa mtindo mpya walioonyesha kazi zao nje ya Salon. Hata mwandishi Émile Zola, mtetezi wa sanaa mpya, alilalamika kwamba usahihi wake umezidi. Lawama hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sifa kubwa ya mchoro huu.

Caillebotte alikuwa na mali ya urithi, akaitumia kununua kazi za rafiki zake. Alifariki mwaka 1894 akiwa na miaka 45, na mwaka huohuo familia, kupitia kwa mchoraji Renoir aliyesimamia wosia, ikaukabidhi serikali ya Ufaransa mchoro huu. Tangu 1986 uko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho jijini Paris.