Umepita miaka 45 na unatafuta kazi? Hizi ni dhana, huu ni ukweli

Fungua karibu tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoajiri kwa niaba ya serikali: waombaji wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walio kazini serikalini.

Dhana: ukivuka 45 uwezo umekwisha, serikali yenyewe imesema.
Haijasema. Piga hesabu. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, na pensheni ya kila mwezi inadai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60. Ninavyoisoma mimi, hiyo ni hesabu ya mafao, ndiyo maana aliye kazini tayari haguswi. Kinachoudhi ni kampuni binafsi kunakili sharti hilo na kulishusha hadi 35, bila hesabu yoyote nyuma yake.

Dhana: sheria inaruhusu.
Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa umri, na mwombaji kazi anahesabiwa humo. Mwajiri anaweza kujitetea kwa matakwa halisi ya kazi yenyewe. Kuthibitisha kwamba umebaguliwa ndiyo kazi: hupigiwi simu, basi.

Dhana: waliovuka 45 mifumo ya kompyuta hawaiwezi.
Mhasibu wa miaka 52 alianza na leja na vocha za karatasi. M-Pesa ikaingia nchini 2008, mashine za risiti za kielektroniki (EFD) za TRA, mamlaka ya mapato, zikaja 2010, na 2023 ununuzi wa umma ukahamia NeST, mfumo wa mtandaoni. Kote huko alikuwemo, akihamisha kumbukumbu kutoka mfumo huu kwenda ule huku mishahara ikisubiriwa. Kijana wa miaka 25 mengi ameyakuta tayari. Wapo wakongwe wanaogoma kujifunza, sikatai, lakini hao wanajulikana mapema. Kwenye usaili mpe mwombaji laptopu, taarifa ya benki na daftari la fedha, aoanishe. Nusu saa inatosha; cheti cha kuzaliwa hakitakuambia hilo.

Dhana: atastaafu kesho tu.
Mwenye miaka 48 ana miaka 12 kabla ya kufika 60. Na mara nyingi mwajiri anayetoa hoja hii, mkataba anaoutoa mwenyewe ni wa miaka miwili.