Kadi ya bima na dawa za kila mwezi: yasemwayo na yaliyomo

"Bima ya laki tano itanitosha dawa za mwaka mzima."
Laki tano hiyo mara nyingi ni ya kulazwa. Vidonge vya presha na sukari unavichukua famasi na kurudi nyumbani, kwa hivyo hulipwa na fungu la wagonjwa wa nje, na ndani yake magonjwa sugu huwekewa kikomo kidogo zaidi. Mwambie wakala akuonyeshe kikomo hicho kwenye mkataba. Cha mdomoni hakikusaidii. Kisha piga hesabu. Dawa za shilingi 4,500 kwa mwezi ni 54,000 kwa mwaka. Kikomo kikiwa 40,000, mwezi wa tisa umebakiwa na 4,000 na unaongeza 500, na kuanzia wa kumi unalipa zote mwenyewe: 14,000 kwa jumla. Hapo hatujagusa ada ya daktari wala kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi), ambavyo aghalabu hukatwa humo humo.

"Nikinyamazia sukari yangu, nitauziwa rahisi."
Dai la kwanza la metformin, dawa ya sukari, litakuumbua. Kampuni yaweza kulikataa, hata kuvunja mkataba. Sema ukweli, uliza muda wa kungoja kabla bima haijaanza kulipia sukari ni miezi mingapi, na uweke pesa za dawa za miezi hiyo.

"SHA ina mfuko wa magonjwa sugu, basi vidonge vyangu vimo."
SHA ni mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, na jina la mfuko wake lapotosha. Kwa sheria ya 2023, mfuko huo huingia baada ya kinga ya SHIF (mfuko wa bima wa SHA) kumalizika. Matibabu ya kawaida ya wagonjwa wa nje ni ya mfuko wa afya ya msingi, na mlango wake ni zahanati na vituo vya afya. Mkaazi wa Likoni, Mombasa, aanzie huko kabla ya kuvuka feri kwenda hospitali ya rufaa Makadara. Aulize pia kama dawa ipo: bima haijazi rafu tupu.

"Isiyo Glucophage ni hafifu."
Glucophage ni jina la kibiashara tu; kiambato ni kile kile, metformin. Daktari aandike kiambato, nguvu na idadi: miligramu 500, mara mbili kwa siku, vidonge 60 kwa siku 30. Tahadhari moja: vidonge vinavyoyeyuka polepole havibadilishwi na vya kawaida bila idhini yake.

"Famasi yoyote itaipokea kadi."
Omba orodha. Ikiwa iliyo karibu nawe Kisauni haimo na ya Nyali imo, ongeza nauli kwenye hesabu yako.