Je, wajua jinsi mabeki wa nyuma wa futiboli ya vyuo Marekani wanavyopimwa kabla ya msimu?

Beki wa soka ana rafiki mmoja: sheria ya kuotea. Mshambuliaji akitangulia, kibendera kinapanda na hatari inaishia hapo. Beki wa nyuma wa futiboli ya Marekani hana msaada huo. Mpokeaji wa timu pinzani anaruhusiwa kutimua mbio mpaka mwisho wa uwanja, mpira ukamfuata hewani, na beki akiachwa hatua moja tu, pointi 6 zimekwenda. Ndiyo maana kila Agosti, vyuo vikiingia kambini, hata beki aliyecheza miaka mitatu hurudishwa darasa la kwanza: kukimbia kinyumenyume.

Beki wa pembeni husimama yadi 7 hivi, kama mita 6.4, mbele ya mpokeaji. Miguu ameikaribisha kuliko upana wa mabega, uzito uko mbele ya nyayo, kifua kimeinama juu ya magoti. Mpokeaji akiondoka, naye anarudi nyuma kwa hatua fupi za chinichini, macho kiunoni mwa mwenzake. Uso hudanganya na mabega hudanganya, lakini kiuno hakiwezi kwenda kulia mwili ukaenda kushoto. Zile yadi 7 zikiliwa hadi zikabaki 3 hivi, kinyumenyume kimekwisha: anageuza nyonga na kukimbia naye bega kwa bega.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuinua kifua. Beki akichoka, mwili husimama wima. Mpokeaji akikata breki ghafla, beki huyo atahitaji hatua mbili kusimama badala ya moja, na ndani ya hatua hiyo ya ziada pasi imeshadakwa. Kosa jingine ni kugeuka kuutafuta mpira wakati ameshapitwa. Ukipitwa, mpira usiutafute, mtazame mtu. Mikono yake ikiinuka, mpira umefika, na hapo ndipo unapopenyeza mkono wako katikati ya mikono yake.

Sasa, wanahitajika wangapi? Makala nyingi za kutabiri msimu bado hutaja wanne: wawili wa pembeni na wawili wa mwisho. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Vyuo vingi hushambulia vikiwa na wapokeaji watatu au wanne karibu muda wote, kwa hiyo beki wa tano, aitwaye nikeli kwa jina la sarafu ya senti 5, ni mchezaji wa kikosi cha kwanza kabisa. Akiongezwa wa sita mpangilio huitwa daimu, sarafu ya senti 10, yaani nikeli mbili. Hesabu haiendi sawa, lakini jina limeshaganda. Nikeli ndiye mgumu kumpata kuliko wote, kwa sababu anatakiwa amkabe mpokeaji mwepesi katikati ya uwanja, penye nafasi ya kwenda pande zote mbili, na papo hapo awe na kifua cha kumwangusha mkimbiaji, yaani anayekimbia na mpira mkononi, mwenye uzito kumzidi.

Kuna jambo la vyuo pekee ambalo mashabiki wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, hulisahau. Uwanja una upana wa futi 160, na kila mchezo, yaani kila shambulio moja, huanzia kati ya mistari miwili midogo ya katikati au juu yake. NFL mistari hiyo imeachana futi 18 na nusu; vyuoni imeachana futi 40. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande mmoja una futi 60 tu, kama mita 18, na upande wa pili una futi 100, zaidi ya mita 30. Kwa hiyo makocha wengi hawagawi mabeki wa pembeni kwa kulia na kushoto, bali kwa upande mpana na upande finyu. Upande finyu hupewa mwenye nguvu na mikono mirefu, kwani mstari wa nje unamsaidia kumbana mtu na wakimbiaji humjia mara kwa mara. Upande mpana hupewa mwenye mbio, anayeweza kuishi peke yake. Ukisikia kambini kwamba kijana mgeni "amepangwa upande mpana", hiyo ni habari kubwa kuliko takwimu zake zote za mwaka jana.

Sheria nazo zinachangia. Vyuoni mpokeaji akidaka na kugusa ndani ya uwanja kwa mguu mmoja pasi imehesabiwa, wakati NFL wanadai miwili. Kwa upande mwingine, beki akimzuia mpokeaji kinyume cha sheria mpira ukiwa hewani, adhabu ya chuo haizidi yadi 15, ilhali NFL mpira hupelekwa pale pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 40. Beki mjanja wa chuo aliyepitwa kwenye pasi ndefu humvuta mtu jezi makusudi. Si ungwana, ila kihesabu inalipa.

Ukisoma ripoti za wiki ya kwanza ya kambi, zipokee kwa tahadhari. Siku 2 za mwanzo wachezaji huvaa kofia ngumu tu, bila mavazi ya mabega, ili miili izoee joto. Hakuna kubanana wala kuangushana, kwa hiyo kila mpokeaji huonekana moto wa kuotea mbali na kila beki huonekana mwepesi. Idadi ya mipira iliyonyakwa msimu uliopita nayo hupotosha. Beki bora mara nyingi hanyaki mingi, maana kwotabeki, mrushaji wa pasi, haelekezi mpira kwake.

Kinachoamua zaidi ni mdomo. Kabla mchezo haujaanza, mpokeaji mmoja huhama upande, na mabeki watano wana sekunde chache za kukubaliana nani anamchukua nani. Tangu 2024 mchezaji mmoja wa ulinzi anaruhusiwa kusikia sauti ya kocha kwenye kofia, lakini sauti hukatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, na uhamaji mwingi huja baada ya hapo. Watatu wakiusikia mwito wa mwenzao na wawili wasiusikie, mpokeaji mmoja anakabwa na watu wawili na mwingine anaachwa peke yake. Ugumu umeongezeka tangu 2021, wachezaji waliporuhusiwa kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima. Siku hizi si ajabu Agosti ikawakuta mabeki wanaofundishana majina.

Timu ya chuo cha Ohio State ya 2024 ni mfano mzuri. Denzel Burke na Davison Igbinosun pembeni, Jordan Hancock nikeli, Lathan Ransom nyuma, na Caleb Downs aliyetoka Alabama Januari ile. Kwenye karatasi hawakuwa na mfano. Oktoba 12 wakaenda kwa chuo cha Oregon wakafungwa 32-31, pasi ndefu zikiwapita pembeni. Watu hawakubadilishwa; kilichorekebishwa ni namna ya kupanga msaada wa nyuma. Januari 1, 2025 wakairudia Oregon kwenye Rose Bowl, mechi ya mtoano, na kuifunga 41-21, kisha Januari 20 wakabeba ubingwa kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Agosti iliyofuata Burke, Hancock na Ransom walikuwa wameshakwenda NFL, na Downs, mgeni wa mwaka uliotangulia, ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake kwa sauti na vidole.

Mechi ya kwanza ikianza, usiutazame mpira. Mpokeaji akihama, tazama vichwa vya wale watano: je, vinageuka vyote?