Komodo ni kenge jamani, sio joka

Juzi tena nimekutana na ile klipu ya mnyama wa Indonesia anammeza mbuzi mzima mzima, chini huko watu wanabishana, huyu anasema joka, yule mamba wa nchi kavu, mwingine kaandika dragoni kabisa. Yule ni kenge. Kenge wa Komodo, mjusi mkubwa kuliko wote duniani, anapatikana visiwa vya Komodo, Rinca, Flores na vidogo vya jirani, dume likikomaa linafika mita 3 na kilo 70 au zaidi, anakula mizoga na anawinda kulungu, nguruwe mpaka nyati. Maana imeisha hapo.

Sasa hilo neno joka. Joka ni nyoka aliyekuzwa tu, kama mtu anavyokuwa jitu, ukitoa ule ukubwa unabaki na nyoka, na nyoka mwenye miguu minne na makucha mimi sijamwona. Tumelipata kwa kutafsiri jina la Kiingereza, Komodo dragon, na hilo jina lenyewe ni la kumpa mnyama sifa. Mwaka 1912 Peter Ouwens wa makumbusho ya Bogor kule Java ndo alimwandika kisayansi, akamwita Varanus komodoensis, hakuna dragoni hapo. Halafu 1926 Mmarekani Douglas Burden akafunga safari kwenda kumtafuta, akarudi New York na wawili wazima na wengine wamekaushwa, na jina la kutisha likashika mpaka leo. Wenyeji wa kisiwani wanamwita ora, basi.

Hiyo Varanus nayo wala sio ngeni kwetu, asili yake Kiarabu, waral, mtu aliyekaa Oman anamjua waral wa jangwani. Na kenge wetu wa mtoni, yule mwizi wa mayai ya mamba na vifaranga vya watu, jina lake la kisayansi linaanza na Varanus hiyo hiyo. Ukoo mmoja kabisa, huyu wa Indonesia kazidi mwili tu.

Wa mamba wa nchi kavu siwalaumu sana, Waindonesia wenyewe wanasema buaya darat, maana yake ni hiyo hiyo (ingawa kwao ukimwita mwanaume hivyo unamaanisha ni mhuni wa wanawake). Lakini kwa undugu ndo mmepotea mbali zaidi, mamba yuko karibu na kuku kuliko na kenge, sitanii. Kenge ndugu zake ni nyoka, angalia ule ulimi wenye ncha mbili anaonusia mzoga ulioko kilomita kadhaa. Halafu ana sumu. Zamani tuliambiwa mdomo wake mchafu, bakteria ndo wanaua, mpaka 2009 mtafiti wa sumu Bryan Fry na wenzake walipoonyesha ana tezi za sumu taya la chini, inashusha presha na damu haigandi, mnyama anaishiwa nguvu hapo hapo. Kwa hiyo anayesema joka kakosea, ila kakosea kwa jirani.

Tabia zake nyingine ni za kenge tu. Vitoto vikianguliwa vinakimbilia juu ya miti, kwa sababu wakubwa wanavila, na vinakaa huko mpaka mwili ukue. Jike anaweza kutaga mayai yakaanguliwa bila dume, ilitokea bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, mayai yalitagwa 2006, vitoto vikatoka Januari 2007.

Wahenga walishasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, yaani walishawatenganisha zamani. Najua wengi mnalikwepa neno kwa sababu mtaani ukimwita mtu kenge mnashikana mashati. Ila huyu hatagombana na wewe, jina ni lake, mwandikie tu kenge wa Komodo.