Kompyuta ya sonara inajua umbo, haijui dhahabu

Mteja wa siku hizi haji na maelezo, anakuja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka hii hii." Namchorea pete yake kwenye kompyuta, anaizungusha, anaitazama ubavuni, ananiambia kito kimekaa juu mno. Tangu nianze hivyo, ugomvi wa "sivyo nilivyosema" umepungua sana.

Bei nayo inajulikana mapema, maana programu inakokotoa ujazo wa pete. Dhahabu ya njano ya karati 18 ina gramu 15 na nusu hivi kwa kila sentimita ya ujazo. (Karati 18 ni robo tatu dhahabu tupu, kiwango kile kile cha sarafu ya rupia 15 yenye tembo ambayo Wajerumani waliipiga hapa Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana.) Anayechonga kielelezo cha pete kwa nta, kwa mkono, hupima uzito wa nta yake na kuzidisha kwa 15 au 16. Hesabu ni ile ile.

Kazi yenyewe huanza mchoro ukishatoka kwenye skrini. Natuma faili Dar es Salaam, linachapwa kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka, na kielelezo kinarudi kwa basi. Nakipachika mrija wa kupitishia dhahabu, nakimwagia plasta, naichoma plasta tanurini mpaka ndani pabaki uwazi mtupu, kisha nasubu dhahabu humo, yaani naimimina ikiwa imeyeyuka. Kikiwa cha nta, raha: nta huyeyuka ikachuruzika. Kikiwa cha resini, ambayo ni aina ya plastiki, subira. Resini huvimba kwanza ndipo iungue, na ukiharakisha moto plasta inapasuka. Ikibakiza majivu, pete inatoka na vishimo.

Halafu kuna unene. Vikucha vyembamba vya kushikia kito vinapendeza mno kwenye mchoro, lakini dhahabu ikipita mahali pembamba hupoa upesi, ikaganda kabla ya kufika nchani. Hata ikifika, tupa, msasa na kung'arisha bado vinasubiri, na kila kimoja kinakula chake. Kwa hiyo nachora kila kitu kinene kidogo kuliko ninavyotaka kiishie. Vijana walioanzia kompyuta hubishana nami hapa. Waliowahi kushika tupa hawabishi.

Bangili nyembamba siisubu kabisa, naifua. Nyundo huikaza dhahabu, ikawa ngumu kuliko iliyotoka kwenye plasta. Ikikaza kupita kiasi hupasuka, hivyo unairudisha motoni ilegee, unaigonga tena. Lini irudi motoni? Sikio linakuambia, mlio wa nyundo hubadilika.

Na kuna vitu ambavyo sioni sababu ya kuvichora. Wanyamwezi wa karne ya 19 walivaa miguuni pete za waya mwembamba uliozungushwa juu ya unywele wa mkia wa tembo. Zilipindika kwa sababu kila mzunguko wa waya uliteleza juu ya unywele. Ukizichora na kuzisubu unapata umbo lile lile, ila gumu kama kijiti. Mteja akitaka ya namna hiyo nauvuta waya mwenyewe na kuuzungusha juu ya uzi wa nailoni, maana sheria ya wanyamapori haina utani. Hapo kompyuta natumia kuandika risiti tu.