Swift Sport ya tabo: kilo 970 na nguvu inayokuja mapema

Mtu akifungua karatasi ya vipimo vya Suzuki Swift Sport, ile yenye msimbo wa ZC33S iliyotoka 2017, macho yanakimbilia nguvu farasi 140 na wengi wanaishia hapo. Wanasema ni chache. Ni kweli kwamba magari madogo ya spoti siku hizi yana nguvu nyingi zaidi: Ford Fiesta ST ya 2018 ina nguvu farasi 200, na Toyota GR Yaris ilipotoka 2020 ilivuka 260. Lakini mimi huanza kusoma karatasi hiyo kwenye mstari wa uzito. Swift Sport ya manyuali ya soko la Japani ina kilo 970. GR Yaris ina kilo 1,280 hivi. Tofauti hiyo ya kilo 310 ni sawa na kupakia watu wazima wanne na kutowashusha safari nzima.

Gari zima liko ndani ya namba hiyo ya 970, na bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini linaendeshwa linavyoendeshwa.

Injini inaitwa K14C. Ina silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 1,371, tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukumia hewa zaidi ndani, na nozeli zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nguvu farasi 140 zinapatikana kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika. Nguvu ya msokoto, yaani ile inayosokota shafti hadi kwenye tairi, ni Nm (newton-mita) 230 kuanzia mizunguko 2,500 hadi 3,500. Mtangulizi wake, ZC32S, alikuwa na injini ya 1.6 isiyo na tabo: nguvu farasi 136 kwenye mizunguko 6,900, na msokoto wa Nm 160 kwenye 4,400. Kwa nguvu farasi wanapishana kwa nne tu. Kwa msokoto, mpya amemwacha wa zamani kwa zaidi ya asilimia 40, na juu ya hapo amepungua kilo 70 hivi.

Chukua kalamu hapa, maana hesabu ni fupi na inaeleza mengi. Nguvu kwa kilowati ni msokoto mara mizunguko kwa dakika, kisha ugawe kwa 9,549. ZC33S ikiwa kwenye mizunguko 3,500 na msokoto wake wote wa Nm 230, inatoa kilowati 84, ambazo ni kama nguvu farasi 115. Sasa jiulize ZC32S itazipata wapi kilowati hizo. Msokoto wake wa juu kabisa ni 160, kwa hiyo haiwezi kuzifikisha kabla ya mizunguko 5,000, hata tukiipendelea. Nguvu ambayo zamani ulilazimika kuikimbilia kwenye mlio mkubwa, leo unaipata kwenye mwendo wa kawaida wa injini.

Rudia hesabu hiyo upande wa juu. Kwenye 5,500 gari linatoa kilowati 103, ambazo ndizo nguvu farasi 140. Ukirudisha kwenye msokoto unapata Nm 179 hivi. Maana yake kati ya 3,500 na 5,500 msokoto umeshuka kutoka 230 hadi 179. Nguvu bado inaongezeka, lakini kwa kusuasua.

Barabarani inakuwa hivi. Uko gia ya tatu, sindano iko 2,000, kona inaisha na barabara inafunguka mbele yako. Unakanyaga mafuta. Kunapita kitambo kifupi sana tabo ikijaza hewa, geji ya busti, yaani presha ya hewa ya tabo, kwenye dashibodi inapanda, na sindano ikigusa 2,500 mgongo unabanwa kwenye kiti. Hukushusha gia. Hadi karibu 4,500 gari linavuta bila kulegea. Ukivuka 5,000 mlio unazidi kuwa mkubwa ilhali msukumo unaanza kukaa palepale, na hapo mwendeshaji mzoefu anabadilisha gia bila kungoja mstari mwekundu. Aliyetoka kwenye ZC32S huchukua muda kuzoea, kwa sababu miguu na masikio yake yalifundishwa kwamba raha iko juu. Wapo wanaosema gari la zamani lilikuwa na roho zaidi, na ninawaelewa kabisa: injini inayopanda hadi 6,900 ikiongeza nguvu muda wote ina utamu wake. Ila kwenye barabara ya watu wote, yenye magari mbele na nyuma, nachagua ya tabo bila kusita. Nafasi ya kumpita mwenye lori ni ya sekunde chache, na msokoto unaokuja mapema unaitumia yote.

Kuna jambo moja kwenye tabo hiyo ambalo halisemwi vya kutosha. Kila tabo ina kilango kidogo cha kupitishia moshi pembeni ili presha isizidi. Mafundi tunakiita westigeti. Injini ya aina hii hii ikiwa ndani ya Suzuki Escudo, kilango hicho hukaa wazi ukiendesha taratibu, ili moshi upite kirahisi na mafuta yaokolewe. Kwenye Swift Sport, Suzuki waligeuza utaratibu: kinakaa kimefungwa, kinafunguka pale tu presha inapohitaji kupunguzwa. Kwa hiyo feni ya tabo inaendelea kuzunguka hata mguu ukiwa mwepesi, na ukikanyaga inakuwa tayari iko mbioni. Ndiyo sababu kuchelewa kwa tabo kwenye gari hili kunasikika kidogo kuliko unavyotarajia kwa injini ya 1.4.

Bodi ina urefu wa milimita 3,890 na upana wa milimita 1,735, upana uliozidi Swift ya kawaida kwa milimita 40. Japani walilipa gharama ya upana huo: gari lilitoka kwenye daraja la magari madogo, ambalo mwisho wake ni milimita 1,700. Lakini nafasi kati ya tairi za kushoto na za kulia ilitanuliwa pamoja na bodi, na kwenye kona unauona utulivu uliotokana na uamuzi huo. Shokapu ni za Monroe. Mbele kuna stratu, yaani springi na shokapu vilivyounganishwa kuwa nguzo moja kwa kila tairi; nyuma kuna boriti moja inayosokoteka, mpangilio rahisi na wa bei nafuu. Sioni aibu yoyote kwa boriti hiyo. Kwenye gari jepesi lenye umbali wa milimita 2,450 tu kati ya ekseli, inafanya kazi vizuri mno: ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta kidogo, mkia unasogea nje kwa adabu na pua inarudi ndani ya mstari. Unaliongoza gari kwa mguu sawa na unavyoliongoza kwa usukani.

Kinachokosekana ni difu ya kubana, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure na kuipa nyingine msukumo. Ukitoka kwenye kona kali kwa gia ya pili na kukanyaga mapema, tairi ya mbele ya upande wa ndani, ambayo uzito umeihama, inaanza kuteleza. Kompyuta inaikamata kwa breki, na msukumo unakatika kidogo wakati ule ule unaouhitaji. Fiesta ST ilipatikana na difu ya kubana na hapo inaishinda Swift waziwazi. Dawa ni kusubiri usukani uanze kunyooka ndipo ukanyage. Usukani wenyewe ni wa umeme, una usahihi mzuri, ila hauelezi sana hali ya lami chini ya tairi. Ningependa unieleze zaidi.

Tairi ni 195/45R17. Piga hesabu: asilimia 45 ya 195 inakupa ukuta wa tairi wa milimita 88 hivi, na chini ya gari kuna nafasi ya milimita 120 tu. Kwenye lami laini ni furaha tupu. Kwenye shimo lenye kingo kali, ukuta huo mfupi unajikunja mpaka rimu inagonga, na rimu iliyopinda ni kitu cha kawaida kwa magari haya. Wanaopita barabara mbovu kila siku nawashauri rimu za inchi 16 na tairi za 195/50. Kipenyo cha nje kinapungua kwa asilimia 1 tu, na ukuta unafika milimita 97 na nusu. Pima kwanza kama rimu inapita kwenye kalipa (kibanio cha pedi) ya breki za mbele kabla ya kulipa.

Ukikutana na ile ya Ulaya ya kuanzia 2020, usidhani ni gari lile lile. Imewekewa mfumo wa haibridi wa volti 48, yaani mota ndogo ya umeme inayoisaidia injini, injini ni K14D, nguvu farasi zimeshuka hadi 129, msokoto ni Nm 235 kuanzia mizunguko 2,000, na uzito umepanda ukavuka kilo 1,000. Inaanza kuvuta mapema zaidi, lakini muda wa kutoka 0 hadi 100 umerefuka kutoka sekunde 8.1 hadi 9.1. Kwa mjini ni nzuri. Kama una nafasi ya kuchagua na unapenda kuendesha, tafuta ya kabla yake.

Sasa utunzaji, na hapa naomba tusikilizane. Injini ndogo yenye tabo na nozeli za ndani ya silinda ina adui mmoja ambaye injini za zamani hazikumjua: mlipuko unaotokea kabla ya plagi kuwaka, wakati injini iko kwenye mizunguko michache huku imebebeshwa mzigo mkubwa. Mfano wake ni huu: uko gia ya sita, mizunguko 1,400, mlima unaanza, na wewe unakanyaga mafuta hadi chini. Tone la oili lililochanganyika na petroli linawaka lenyewe, na presha inayotokea inaweza kuvunja pistoni. Oili zenye daraja la API SN Plus, lililoanza 2018, na SP la 2020, zilitengenezwa huku tatizo hili likiwa limezingatiwa. Kwa hiyo soma daraja lililoandikwa kwenye kopo, usisome unene peke yake. Na mguuni kwako, shusha gia. Msokoto unaojaa kwenye 2,500 haumaanishi unaweza kuulazimisha kwenye 1,400.

Petroli nayo isichukuliwe kirahisi. Japani gari hili limeandikiwa petroli ya daraja la juu. Ukiweka yenye okteni ndogo halitazimika. Kompyuta itachelewesha kuwasha plagi ili kulinda injini, nawe utabaki na gari zito la kuvuta ukiulaumu uundaji.

Dashibodi inaonyesha joto la oili, na ni moja ya vitu ninavyovipenda kwenye gari hili. Maji hupata moto haraka kuliko oili, kwa hiyo geji ya maji pekee haitoshi. Subiri oili ifike karibu nyuzi 80 kabla ya kulikamua. Ukimaliza mbio, endesha taratibu dakika chache za mwisho ili tabo ipoe oili ikiwa bado inapita ndani yake.

Anayenunua lililotumika alijaribu injini ikiwa imeshapata moto. Weka gia ya tatu, mizunguko 2,000, kanyaga hadi mwisho na usikilize. Msukumo upande kwa mfululizo mmoja. Ukipanda kwa mikatiko, tafuta bomba lenye ufa au kilango cha tabo kilicholegea. Mizunguko ikipanda haraka kuliko mwendo, klachi imechoka, na mara nyingi ni kwa sababu kompyuta iliongezewa presha na mtu aliyetangulia. Uliza waziwazi kama programu imeguswa. Kisha fungua boneti upapase maungio ya mabomba yanayokwenda intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida. Vidole vikitoka vinachuruzika, tabo inapitisha oili, na bei mliyokuwa mnaizungumza haifai tena.